Bia Yenye Sura ya Kaka

Siku Fundi alipomwaga tangi zima la bia mbele ya watu, dada yake alikuwa nyuma ya kaunta akifuta glasi, na glasi ile hakuiweka chini mpaka mambo yote yalipokwisha. Aliifuta ikang'aa, akaendelea kuifuta.

Kiwanda chenyewe wakati huo kilikuwa kidogo, cha ndugu wa tumbo moja. Zamani lilikuwa gereji la baba yao. Sakafu bado ilikuwa na madoa ya oili ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Nyuma yalisimama matangi, mbele kulikuwa na viti virefu na kaunta ya mbao, na katikati hapakuwa na ukuta, kwa hiyo mnywaji alikaa na glasi yake huku akitazama ilikotoka. Aliyepika ni Fundi. Jina lake halisi lilishasahaulika, hata mama yake mzazi alimwita Fundi. Dada yake, kitindamimba wa nyumba, aliitwa Kitinda tangu akitambaa, na mvi zilipoanza kumchungulia kwenye paji la uso bado alikuwa Kitinda. Yeye aliuza, alipokea wageni, alisuluhisha walevi. Ulimi wake ulikuwa mkali kama wa kaka yake, katika maneno na katika kuonja pia. Na mume wake, ambaye watu walimwita Baba Pacha kwa sababu ya mabinti zao, ndiye aliyelea matangi: kuyaosha, kuyajaza, kuyapima joto, kuyasikiliza. Kuyasikiliza hasa, maana bia inayochachuka ina sauti yake, na Baba Pacha aliweka sikio kwenye chuma kama mkunga kwenye tumbo la mja mzito.

Tangi lile liliharibika, hilo halina ubishi. Gasketi, ule utepe wa mpira unaoziba mlango wake, ilikuwa imechakaa, hewa ikapenya, bia ikageuka siki. Lakini Baba Pacha alikuwa amesema. Alisema mbele ya Kitinda mwenyewe.

"Shemeji, hii gasketi imekwisha. Tusimame kidogo tubadilishe."

"Wateja hawasimami, shemeji," Fundi alimjibu. "Ibane tu, itafika."

Ikabanwa. Haikufika.

Sasa Fundi alikuwa na neno moja ambalo kwake lilikuwa kama dini: bia mbaya haitoki mlangoni kwangu. Ni neno zuri, na ndilo lililompa heshima mjini. Jumamosi hiyo mchana, viti vimejaa, aliwaambia watu wageuke watazame. Akamkabidhi Baba Pacha mpira wa kumwagia, akafungua vali, bia ikaanza kukimbilia mtaroni na povu lake.

"Mnaiona?" alisema kwa sauti ya mtu wa jukwaani. "Hii imeharibiwa na shemeji yangu. Ni mume wa dada yangu, tunampenda, lakini hapa kwangu undugu hauingii kwenye glasi!"

Watu wakapiga makofi. Wengine walipiga na picha. Baba Pacha aliushika ule mpira macho chini, mpaka tone la mwisho. Kisha akauviringisha vizuri, akautundika mahali pake, akavua aproni, akatoka. Hakurudi tena.

Kama mambo yangeishia hapo, huenda Kitinda angemeza. Ndugu hugombana, chungu na mfuniko hugongana. Lakini Fundi aligundua kwamba kisa kile kinauza. Kila mgeni aliyekuja kutazama kiwanda alisimuliwa, na kila kiliposimuliwa kilinenepa. Kwanza shemeji alikosea. Mwaka uliofuata shemeji alilala kazini. Baadaye shemeji alikuwa amelewa chakari, yule mtu ambaye maishani mwake hakupata kumaliza glasi ya pili. Na kila mara Fundi alipofika penye kichekesho, alimgeukia dada yake kwenye kaunta: "Si ndiyo, Kitinda?" Na Kitinda, mbele ya wageni, na glasi mkononi, alicheka. Alicheka jino pembe, miaka kwa miaka, akarudi nyumbani taya zinamuuma.

Nyumbani Baba Pacha alikuwa ametandaza meza chumba cha nyuma, anatengeneza feni na pasi za watu. Akienda sokoni alizunguka mtaa wa pili ili asipite mbele ya kiwanda. Siku moja pacha mmoja alirudi kutoka shuleni akauliza, "Eti baba ndiye yule mlevi wa kwenye hadithi ya mjomba?" Baba Pacha alimwambia mtoto ale kwanza, chakula kinapoa. Kitinda aliingia chumbani akakaa kitandani, na humo ndani ndimo alimokata shauri. Hakulia. Alijiambia maneno machache tu: nitampiga pale panapomuuma yeye. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Tabu ni kwamba Fundi hakuwa na pengi pa kumuuma. Hakuwa na mke, hakujali nguo, hakujali gari. Alikuwa na kitu kimoja tu, nacho kilikuwa kwenye glasi.

Basi siku ikaja. Alifika mtu mmoja mnene mwenye sauti laini, msambazaji wa vinywaji, maduka yake yameenea nchi nzima. Alikunywa glasi moja polepole, akaagiza ya pili, halafu akasema anataka bia ile kwenye kila duka lake. Atajenga nao kiwanda kipya kando ya barabara kuu. Matangi marefu kama minara, mashine ya kujaza chupa, malori mlangoni.

"Na bia itakaa muda gani kwenye tangi?" Fundi aliuliza.

"Muda wa kutosha."

"Wa kumtosha nani? Yangu inakaa mpaka iseme yenyewe kwamba iko tayari."

Msambazaji alitabasamu. "Mzee, duka halingoji bia iseme."

Akaeleza, bila kuficha, kwamba hayo mambo yana njia zake. Badala ya sehemu ya kimea cha shayiri huwekwa sukari. Bia hutolewa mapema, huchujwa ikang'aa, hutiwa gesi, hutiwa baridi sana. Baridi husitiri mengi. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama, akamfungulia mlango. "Asante kwa kuja," alisema. "Mwambie na mwenzako atakayekufuata kwamba hapa si pake."

Aliyemsindikiza msambazaji mpaka kwenye gari ni Kitinda. Njiani alimwambia kwa upole, "Usiende mbali. Gereji hili ni letu watatu, si la mtu mmoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Baba yao alipofariki aliwaachia gereji kwa mafungu matatu sawa, Mama, Fundi na Kitinda. Hakuna aliyewahi kulikumbuka jambo hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kulihitaji. Kitinda alimwendea Mama, akamkuta barazani akifuma kitambaa cha meza. Akamweleza habari za kiwanda kipya: kazi kwa watu wengi, ada ya pacha, paa la Mama linalovuja. Mama alifuma mstari mzima.

"Na wewe mwenyewe unataka nini, mwanangu?" hatimaye aliuliza. "Maana paa langu limevuja miaka yote hiyo, leo ndiyo unaliona?"

Kitinda alijaribu kusema jingine, likamkwama. "Nataka aonje, Mama."

"Aonje nini?"

"Alichomwonjesha mume wangu."

Mama aliweka sindano chini. "Mimi sitakuwa panga la ugomvi wenu. Njooni wote wawili. Kaka yako apewe nafasi. Akiikataa, asinilaumu."

Wakakutana Jumapili sebuleni kwa Mama, watatu tu. Fundi alikuja na shati lake lilelile lenye harufu ya kimea, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Alisema anajua wameitwa kwa nini na jibu lake ni lilelile. Kitinda akamkatiza.

"Kaka, kabla hatujanyoosha mikono kupiga kura. Kitu kimoja tu, na mkono wangu utakuwa pamoja na wako. Yule mtu na minara yake aende zake."

"Kitu gani?"

"Njoo kwangu. Bisha hodi. Mwambie Baba Pacha kwamba gasketi alikwambia, na wewe ndiye uliyekataa. Basi. Hata majirani wasisikie."

Fundi alifumba jicho moja, kama afanyavyo akionja kitu asichokipenda. Kitinda aliliona jicho lile, akajua kwamba anakumbuka, tena anakumbuka vizuri.

"Bia ilikuwa siki, Kitinda. Unataka nikaseme ilikuwa tamu?"

"Nataka ukaseme gasketi."

"Mambo ya zamani hayo. Mimi nina kiwanda cha kulinda, wewe unaniletea gasketi."

"Fundi," Mama alisema, "sentensi moja tu, baba."

"Mama, nikianza kuomba radhi kwa kila bia niliyoimwaga, nitapika lini?" Akacheka kidogo, akatazama huku na huku kutafuta mwenzake wa kucheka. Halafu, kwa mazoea tu, akasema, "Si ndiyo, Kitinda?"

Safari hii Kitinda hakucheka. Aliinua mkono. Mama alimtazama mwanawe wa kwanza, akasema, "Mkono wangu mzito leo," akauinua nao. Fundi alibaki na mikono yake miwili mapajani.

Kiwanda kipya kilisimama. Kila kitu kiling'aa. Ukiongea, sauti ilikurudia. Kitinda akawa mkurugenzi, akapewa ofisi yenye dirisha linalotazama matangi. Na katika mkataba aliweka sharti moja ambalo msambazaji alilipenda sana asijue limetoka wapi: kwamba kwenye kila chupa iwekwe sura ya Fundi, mwenyewe anatabasamu, na chini yake lile neno lake maarufu, bia mbaya haitoki mlangoni kwangu. Picha ilikuwepo tayari, ya siku ya kumwaga. Fundi alikubali ichapwe kabla hajaelewa itabandikwa kwenye bia ya namna gani.

Mtu atauliza, kwa nini hakuondoka? Watu walimshauri. Lakini mwenye nyumba haikimbii inapowaka, huzunguka akijaribu kuokoa walau kiti. Fundi aliamini kwamba akiwa ndani ataizuia isiharibike kabisa: ataongeza siku hapa, atapunguza sukari pale. Na Kitinda alijua ataamini hivyo. Alikuwa amelala na wazo hilo, ameamka nalo. Aliandika tena sharti la pili, kwamba hakuna bia inayotoka bila Fundi kuionja na kusema neno moja, "Iende." Msambazaji aliliona kama heshima kwa mzee. Kumbe Kitinda alikuwa amekifunga kitanzi.

Siku ya bia ya kwanza, Kitinda alishuka kutoka ofisini kwenda kutazama. Fundi alijaza glasi, akainusa, akachovya mdomo.

"Bado," alisema.

"Ina nini?"

"Unajua ina nini. Inanuka siagi. Na nyuma yake kuna tufaha bichi. Chachu haijamaliza kazi yake, tumemkatiza mtu katikati ya sentensi."

"Nipe." Kitinda akaonja. Siagi ilikuwepo, na tufaha bichi. Ilikuwa bia ya hovyo. Akahisi furaha ikimpanda kutoka miguuni, ya moto, kiasi kwamba ilibidi ageuze uso. "Mimi naona sawa."

"Kitinda, wewe huwezi kuona sawa. Mimi na wewe tuna ulimi mmoja."

"Lori limewasha injini, Kaka. Vijana hawajala tangu asubuhi. Sema neno twende."

Fundi aliitazama glasi. Alimtazama dereva aliyekuwa ameegemea mlango, akiangalia simu yake. Kisha akasema, akiiambia sakafu, "Iende."

Kitinda alipanda ngazi akafunga mlango wa ofisi, akacheka peke yake. Taya hazikumuuma.

Kila wiki alishuka kulisikia neno lile. Hakukosa hata mara moja. Kuna siku alikuwa na homa, akaja amejifunika mtandio, akasimama pale akitetemeka mpaka kaka yake aliposema. Aliona jinsi neno linavyozidi kuwa jepesi kutamka na mtu anavyozidi kuwa mzito. Fundi alikonda. Aliacha kuwasimulia wageni kisa cha kumwaga, na Kitinda, badala ya kushukuru, akaanza kukisimulia yeye. Aliwapeleka wageni mpaka mbele ya kaka yake, akasema, "Huyu ndiye aliyemwaga tangi zima kwa sababu halikuwa zuri! Si ndiyo, Kaka?" Na Fundi, mbele ya wageni, alitabasamu.

Ukafika uzinduzi rasmi. Viti vyeupe uwanjani, vipaza sauti, wakubwa wa mji na miwani yao. Kitinda alikuwa amepanga jambo lake la mwisho, alilolitunza kama mtu anavyotunza kipande kitamu cha mwisho kwenye sahani. Alimpandisha Fundi jukwaani, akamfungulia chupa yenye sura yake, akammiminia mbele ya kadamnasi.

"Kaka yangu hajui kudanganya kuhusu bia," alisema kwenye kipaza sauti. "Mnamjua. Anywe, atuambie ukweli."

Hesabu yake ilikuwa hivi: akisema mbaya, amejivua nguo mwenyewe, maana sura iliyo kwenye chupa ni yake na neno la kuiruhusu ni lake. Akisema nzuri, ameliua lile neno lake kwa mkono wake. Hapakuwa na mlango wa tatu.

Fundi alikunywa. Koo lake lilipanda likashuka.

"Nzuri," alisema.

Wakalipuka kwa vigelegele. Kitinda alipiga makofi kuliko wote. Huyo hapo, alijiambia, sasa na wewe shika mpira mpaka tone la mwisho.

Lakini kilichotokea baada ya hapo hakukipanga. Chini ya jukwaa alikuwapo mshona viatu mmoja, mteja wa gereji tangu siku ya kwanza, aliyekuwa na kiti chake pembeni pale kaunta. Fundi alimwamini yule mzee kuliko mizani. Bia yoyote mpya, kabla haijauzwa, lazima mshona viatu aonje kwanza. Fundi alishuka moja kwa moja akamwendea, akamshika mkono, na Kitinda alikuwa karibu akasikia kila neno.

"Niambie wewe," Fundi alisema. "Usinihurumie."

Mshona viatu alikuwa kwenye chupa ya pili. Akajipangusa midomo. "Fundi, nikwambie kweli? Hii ndiyo bora uliyowahi kupika. Ile ya zamani ilikuwa nzito kidogo. Hii inateleza."

"Huisikii siagi?"

"Siagi?" Mzee aliinusa chupa, akacheka. "Labda ndiyo inayoitelezesha!"

Fundi aliuachia mkono wa mshona viatu. Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyemwimbia mkewe maisha yake yote, leo anaambiwa mke ni kiziwi. Alipita katikati ya viti vyeupe, watu wakimpigapiga mgongo, wengine wakimwomba wapige naye picha, akaenda zake kwa miguu.

Kitinda alisimama na glasi yake. Alikuwa ametaka watu wajue kwamba kaka yake amewalisha takataka. Sasa hakuna aliyejua, wala hakuna ambaye angejua. Bia ilikwisha kabla jua halijatua, na maduka yakaagiza nyingine.

Siku chache baadaye, mchana, geti la nyumba ya Kitinda liligongwa. Ni Fundi, amevaa shati safi, mikono mitupu. Alipita sebuleni bila kukaa, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Baba Pacha alikuwa ameifungua feni, vyuma vimetapakaa mezani.

"Shemeji."

"Shemeji. Karibu."

Fundi hakukaa. "Gasketi uliniambia. Ukasema tusimame, mimi nikakataa. Halafu nikakubebesha wewe mbele ya watu. Na kulala hukulala, wala kulewa hukulewa. Hayo nilitunga."

Kitinda alikuwa mlangoni. Alisubiri. Alikuwa amelisubiri jambo hili miaka mingi, na kichwani mwake lilikuwa na sura nyingi: mume wake anasimama, anapaza sauti, anamfukuza, mume wake analia, mume wake anamtemea mate. Baba Pacha aliendelea kukaza skrubu. Ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza tena.

"Nishikie hapa," alisema, akamsogezea Fundi ile feni.

Fundi akaishika kwa mikono miwili. Baba Pacha akakaza skrubu. Wakaanza kuzungumza juu ya mota za siku hizi, zinavyoungua upesi.

Kitinda alihisi ameibiwa. Miaka yote ile, kicheko chote kile, na imekwisha kwa nishikie hapa? Fundi alipotoka alimfuata mpaka getini, na hapo kaka yake akageuka.

"Nimesema, Kitinda. Uliniomba sentensi moja, nimesema tano. Sasa nitolee sura yangu kwenye zile chupa. Bia uza, malori peleka. Sura tu."

"Umechelewa, Kaka."

"Mwenyewe amenisamehe."

"Yeye kasamehe ya kwake. Yangu bado." Sauti ilimtoka nyembamba, si ya mkurugenzi, ya kitindamimba. "Ulimwaibisha yeye siku moja. Mimi ulinichekesha kila siku. Uligeuka ukaniambia 'si ndiyo, Kitinda', na mimi nikacheka. Nilimcheka mume wangu mbele ya watu kwa ajili yako. Hilo hujaliombea msamaha kwa sababu hata hujui kama lipo."

Fundi alifungua mdomo. Huenda angesema jambo. Lakini Kitinda alikuwa amechoka kungoja maneno ya mtu huyu. "Sura inabaki," alisema, akafunga geti.

Fundi hakurudi tena kazini. Sharti la kuonja likapewa kijana wa maabara, ambaye alisema "Iende" hata kabla glasi haijamfika. Na mtaani zikaanza kusikika habari kwamba Fundi ameweka tangi moja uani kwake, chini ya bati, anapika kidogo, hauzi. Anawapa anaowataka.

Kitinda angecheka, lakini mume wake naye alianza kutoka. Mwanzo alisema anakwenda kununua nyaya. Halafu akaacha kusema. Alirudi na shati lenye harufu ya kimea cha moto na hopsi, yale maua machungu ya kutilia bia, harufu ambayo Kitinda hakuwa ameisikia nyumbani kwake tangu pacha wakiwa wadogo. Alikuwa akiimba bafuni. Pacha nao wakaanza kumfuata kwa mjomba wao, wakarudi wakibishana juu ya chachu.

"Unakwenda kwake," Kitinda alimwambia siku moja.

"Nakwenda."

"Baada ya yote yale."

"Tangi linataka mtu wa kulisikiliza, Mama Pacha. Yeye hana sikio, ana pua tu. Amesema ukitaka glasi, uje."

"Nikaombe?"

"Hakusema uombe. Amesema uje."

Kitinda hakwenda. Alikuwa na malori. Kiwanda kilikuwa kinapanuliwa tena, upande wa pili wa barabara, na bia yake ilikuwa mezani katika kila harusi na kila baa, naye mwenyewe hakuinywa hata tone. Akiwa na wageni alishika glasi tu.

Akaenda kumwona Mama, Jumapili. Paa jipya halivuji. Mama alikuwa barazani na sindano zake, na pembeni yake glasi nusu, ya rangi ya kahawia iliyokolea, povu bado limeshikana ukingoni kama lilivyopaswa kushikana. Kitinda hakuhitaji kuuliza imetoka wapi.

"Ni yangu hiyo," Mama alisema bila kuinua macho.

"Najua."

"Mwendee kaka yako, mwanangu. Mmeshachunana vya kutosha."

Kitinda aliichukua glasi, akanywa. Hakuchovya, alikunywa. Ilikuwa imekaa muda wake wote, imesema yenyewe kwamba iko tayari. Mkate wa moto, moshi kidogo, na mwishoni uchungu safi ulionyooka kama uzi. Hajawahi kuonja kitu kama hicho hata enzi za gereji. Wawili wale walikuwa wamepika bora kuliko walivyowahi kupika, uani, kwa tangi moja, bila yeye. Machozi yalimfika kwenye kope, na hapohapo hasira ikayafuata ikayakausha. Furaha yao ndiyo iliyomuuma. Alikuwa amemnyang'anya kaka yake kila kitu, na kwa kufanya hivyo amemrudishia chote, na mume wake juu.

Aliiweka glasi tupu mezani.

"Utakwenda?" Mama aliuliza.

"Nina kazi, Mama."

Ndani ya gari, kabla hajaliwasha, alimpigia simu mchapishaji wa lebo nyumbani kwake, Jumapili hiyohiyo. Alimwambia kwamba kuanzia shehena ijayo sura ya Fundi iongezwe ukubwa, ijaze chupa mbele na nyuma, meno yote yaonekane.

"Mkurugenzi, hata jina la bia halitapata nafasi," mchapishaji alisema.

"Liache jina," Kitinda alijibu. "Watu wanamjua."